Sekunde Tatu za Kimya

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu wa shule za umma. Msomaji wa Mbamba Bay anayefundisha darasa la pili ameuliza: kifaa kimoja kitamfaa nini mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake?

Kitamfaa sana, akikitumia kama redio.

Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walisaidia kurusha masomo ya hisabati redioni kwa shule za msingi za Nicaragua. Kenya ikafuata kati ya 1980 na 1985 kwa vipindi vya Kiingereza vya darasa la kwanza hadi la tatu. Zanzibar nayo, kuanzia 2006, ikawa na Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo. Vyote ni ufundishaji wa kujibizana: sauti inaeleza jambo dogo, inauliza, darasa zima linajibu kwa pamoja, kisha jibu sahihi linatamkwa papo hapo.

Uhondo uko kati ya swali na jibu. Redio haisikii, kwa hiyo watunzi walilazimika kurekodi kimya, sekunde zilizopimwa ili mtoto afikiri na kutamka. Wengine hukiita muda wa kusubiri, lakini jina hilo linamhusu mwalimu tu. Kimya cha kujibu ni jina bora, maana anayefanya kazi humo ni mtoto.

Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima kimya hicho madarasani akakuta walimu husubiri takriban sekunde moja kabla ya kurudia swali au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kujibu wakapungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia.

Ndani ya sekunde hizo mtoto analichota jibu kichwani mwake, na kule kuchota ndiko kunakoliimarisha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi wa chuo waliorudia kusoma na waliojipima. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja waliojipima wakawapita.

Wavuvi wa Ziwa Nyasa wanapopandisha chombo mchangani kwa wimbo, mwimbishaji hutoa mstari kisha hunyamaza, na katika kunyamaza kwake ndipo mabega yote husukuma. Akiharakisha mstari wa pili, nusu wanasukuma na nusu bado wanajipanga, chombo hakisogei. Akichelewa mno, nguvu inapoa na chombo kinarudi majini. Aliye hodari hupima kimya kwa uzito wa mzigo: mtumbwi mtupu hutaka pumzi fupi, boti iliyojaa nyavu hutaka ndefu. Vivyo hivyo silabi “ba” hutosheka na sekunde mbili, lakini “kumi na saba toa tisa” hudai tano au sita.

Kipindi kikiwa na maswali 40, yakijibiwa na mtoto mmoja mmoja, nusu ya darasa hilo la watoto 80 haitafungua kinywa. Yakijibiwa kwa pamoja, kila mtoto anapata nafasi 40.

Kishikwambi kinaweza hata kuachana na kipimo cha sekunde. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililojaribiwa vijijini mkoani Tanga kuanzia 2017, programu za Kiswahili zilimngoja mtoto mpaka aguse jibu. Mwaka 2019 programu za onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi. Huko, hata hivyo, kila mtoto alikuwa na kifaa chake.

Mwenye kimoja anaweza kujirekodi mwenyewe bila intaneti: swali, kimya, jibu, dakika kumi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) kila asubuhi, kupitia spika ndogo. Sauti ikishika kazi ya mbele, mwalimu anapata nafasi ya kupita kati ya madawati na kusikiliza nani anajibu na nani anafuata midomo ya wenzake.