Sifuri Baada ya Mkato

Mawe mawili ya almasi yako mezani. Moja lina karati 0,4 na jingine karati 0,35. Lipi zito zaidi? Waulize watoto wa shule ya msingi pale Makiso au Mangobo, hapa Kisangani, na wapo watakaojibu bila kusita kwamba ni lile la pili, kwa kuwa 35 inaishinda 4.

Wasikemewe. Kosa hili linajulikana katika nchi nyingi, na chanzo chake ni mafunzo yetu wenyewe. Kwa miaka mtoto ameona kwamba namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa: 35 inaizidi 4, na 350 inaizidi 35. Kanuni hiyo haijawahi kumwangusha. Kisha siku moja tunamwekea mkato katikati ya tarakimu, ile virgule yetu, na kudhani atatambua mwenyewe kilichobadilika.

Kilichobadilika ni kidogo sana. Chukua 444. Nne ya kwanza ni mia nne, ya pili ni arobaini, ya tatu ni nne tu. Kila unaposogea nafasi moja kulia, thamani inagawanywa kwa kumi. Ukifika kwenye mkato, mwendo ni ule ule: sehemu za kumi, kisha sehemu za mia, kisha sehemu za elfu. Kwa hiyo 0,4 ina sehemu nne za kumi, na 0,35 ina tatu. Ushindani umeishia hapo, maana ile 5 ni sehemu tano za mia na haiwezi kuziba pengo. Ukiandika 0,40 badala ya 0,4 hujaongeza uzito wowote, ila sasa jicho linaona kwamba 40 na 35 ni sehemu za aina moja. Lakini ukiiweka sifuri hiyo mbele ya nne, ikawa 0,04, umelipunguza jiwe mara kumi.

Katika mji huu jambo hili lina bei. Tangu uchimbaji wa mikono uruhusiwe mwaka 1982, mawe ya Banalia na Bafwasende yamepimwa katika comptoir za mjini, zile nyumba za wanunuzi zenye almasi zilizochorwa ukutani. Karati moja ni gramu 0,2, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1907, nayo hugawanywa katika pointi 100. Mizani ikionyesha 1,05, jiwe lina karati moja na pointi tano. Ikionyesha 1,5, ni karati moja na pointi hamsini. Mchimbaji anayesoma zote mbili kama “moja na tano” anaweza kuacha mezani pointi 45, yaani gramu 0,09. Uzito huo hausikiki kiganjani. Unaonekana kwenye tarakimu tu, kwa anayejua kila moja imekaa nafasi gani.

Naamini sehemu ya tatizo iko katika namna tunavyosoma kwa sauti. Darasani kwetu 0,35 husomwa kwa Kifaransa “zéro virgule trente-cinq”, na sikio la mtoto linasikia thelathini na tano nzima. Mwanafunzi wa Tanzania husema “sifuri nukta tatu tano”, tarakimu moja moja, na hapo hakuna thelathini ya kumpotosha. Ningependa walimu wetu wawazoeze watoto wadogo kusoma hivyo, au bora zaidi: “sehemu tatu za kumi, na sehemu tano za mia.” Ni kusoma polepole, na mtoto anayejifunza nafasi anahitaji upole huo.

Wazee wa mji huu walizishika nafasi hizo mkononi. Mwaka 1967 Benki ya Taifa ilitoa fedha ya zaire: zaire moja ilikuwa makuta 100, na likuta moja sengi 100. Zaire 2,0750 ilikuwa zaire mbili, makuta saba na sengi hamsini. Mtu aliyelipwa 0,07 akitarajia 0,7 alipata makuta saba badala ya sabini, na hakuhitaji mwalimu kumwonyesha tofauti. Baadaye mfumuko wa bei ulizifuta sengi, kisha makuta, kisha zaire yenyewe. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Faranga ina santimu zake 100, lakini mtoto wa leo hanunui kitu kwa santimu, basi sehemu za mia zimebaki kwenye daftari.

Zimebaki pia kwenye simu yake. Ramani huonyesha Kisangani kwenye latitudo ya digrii 0,52 kaskazini hivi, yaani kama kilomita 57 kutoka ikweta. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111, sehemu ya kumi ni kilomita 11, na sehemu ya elfu ni mita 111. Ukisogeza mkato hatua moja kulia, ikawa 5,2, umefika karibu na Zemio, Jamhuri ya Afrika ya Kati, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Ukiusogeza kushoto, ikawa 0,052, uko kusini mwa mji, chini ya kilomita sita kutoka ikweta.

Tena mkato wenyewe haueleweki sawa kila mahali. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Uganda, Kenya na Tanzania hutumia nukta pale tunapoweka mkato, na mkato pale tunapotenganisha maelfu. Karatasi ya bidhaa kutoka Kampala yenye kilo 1,250 ina maana ya elfu moja mia mbili hamsini. Hapa ni moja na robo. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliruhusu alama zote mbili kwa desimali, ukasisitiza kwamba maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu: 1 250. Mfanyabiashara anayeandika hivyo anasomeka sawa Kampala na Kisangani. Asiyeandikiwa hivyo na aulize, kabla ya kutia saini, kama tarakimu zinazofuata alama ni maelfu au ni sehemu za kilo.