Kiolezo Kinapohama: Kutengeneza Programu Iliyofungwa kwenye Anwani Moja

Programu nyingi za kuandikisha mazao, wagonjwa au wanafunzi huchukua kiolezo, yaani faili lenye vichwa vya fomu na orodha za kuchagulia, kutoka anwani ya intaneti iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo, na faili hilo likihamishwa programu hukwama hata kama haikuguswa na mtu.

Katika programu ya kuandikisha samaki wanaoshushwa kwenye mialo ya Rumonge na Nyanza-Lac nchini Burundi, tatizo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa orodha ya maeneo yenyewe imebadilika mara mbili: mwaka 2015 Rumonge, iliyokuwa tarafa ya mkoa wa Bururi, ikawa makao ya mkoa mpya wenye jina lake, kisha sheria ya 2023, iliyoanza kutekelezwa 2025, ikapunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na Rumonge ikabaki tarafa tu, safari hii katika mkoa wa Burunga.

Fundi huanza kwa kusoma namba ya jibu la seva, ambayo ni kompyuta inayohifadhi faili: 301 humaanisha limehama kwa kudumu na anwani mpya imetajwa, 302 limehama kwa muda, 404 halikuonekana, na 410 limeondolewa kabisa. Jibu la hatari kuliko yote ni 200, yaani ombi limefaulu, linapoleta ukurasa wa maelezo mahali pa kiolezo, kwa sababu programu isiyokagua muundo wa ilichopokea huendelea kufanya kazi na orodha mbovu.

Kubadilisha anwani peke yake ni tiba ya muda. Mwaka 2007 tovuti ya Netscape ilipoondoa faili la kanuni za RSS 0.91, mfumo wa kusambazia habari, programu zilizolitegemea katika nchi mbalimbali zilishindwa kusoma habari, hadi liliporudishwa kwa muda. Tiba ya kweli ni kuweka nakala ya kiolezo yenye namba ya toleo ndani ya programu, na kuitoa anwani kwenye msimbo na kuiweka katika faili la mipangilio.

Rekodi za mwaka 2016 zilizoandikwa “mkoa wa Rumonge” zilikuwa sahihi siku zilipoandikwa, kwa hiyo watengenezaji wa programu wasizigeuze kufuata kiolezo kipya, bali kila rekodi ibaki na namba ya toleo la kiolezo lililotumika kuijaza.