Chuma hakizeeki, kinachozeeka ni ubongo!

Wiki hii sina habari za disko wala za nani kamwacha nani. Nakupeleka Tarime, kata ya Nyamisangura, kwenye karakana ambako mshikaji wangu niliyemaliza naye kidato cha nne nusura achekwe na mji mzima.

Tarime kazi za vyuma hazikauki. Mashine za kusaga ziko kila mtaa, malori yanapanda kwenda mpakani Sirari, na tangu 2002 kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo. Shafti ikivunjika, mwenyewe anataka nyingine leo leo, siyo aifuate Mwanza.

Mzee mwenye karakana alikuwa na mashine ya kukereza ya CNC, mtumba wa Japani. Kwa usiyeijua, mashine ya kukereza inazungusha chuma huku kisu kikikipunguza mpaka kipate umbo. Ile ya kawaida fundi anasogeza kisu kwa mkono. Ya CNC kisu kinaendeshwa na kompyuta: unaiandikia amri kama G01 na vipimo vyake, inakata yenyewe.

Ikaja miezi ya ukame wa kazi, mashine ikazimwa. Walipoiwasha tena, kasheshe! Skrini imejaa alama za hitilafu na kisu hakisogei hata kidogo.

Mchawi alikuwa nani? Betri za tochi! Usicheke. Mashine nyingi za zamani za aina ile zinatunza vipimo vyake vya ndani kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri. Betri zikifa wakati umeme umezimwa, mashine inasahau kila kitu, mpaka kasi ya mota zake. Tena betri hizo unabadilisha mashine ikiwa IMEWASHWA. Ukizichomoa imezimwa, umeifuta akili kwa mkono wako.

Ungekuwepo orodha ya vipimo kwenye karatasi, vingeingizwa upya kimoja kimoja. Karatasi haikuonekana. Na walipofungua kabati, kadi moja ilikuwa imeungua.

"Mura, mwite mtu wa chuma chakavu aje apime kilo," mzee akasema.

"Mzee, nipe mwezi mmoja," mshikaji akajibu. "Ikishindikana, hasara ni yangu."

Na hasara alikuwa nayo kweli: alishauza pikipiki yake kupata mtaji. Bodaboda bila boda, vijiweni wakamwita Profesa.

Jambo la kwanza hakununua kitu. Alichukua saa ya kupimia, akakagua reli, beringi na skrubu inayosukuma kisu. Chuma kilikuwa kizima, kama kimetoka kiwandani juzi. Hapo ndipo penye siri, msomaji: pima chuma kwanza. Reli zikiwa zimelika, hata ukiifunga kompyuta ya kurushia roketi utakata mapembe.

Akang'oa ubongo wa zamani wote. Akafunga mota mpya za kusogezea kisu na draiva zake, kisha kompyuta ya ofisini ya mtumba yenye programu ya LinuxCNC. Programu hiyo ni ya bure. Mizizi yake iko Marekani, kwenye taasisi ya serikali ya viwango iitwayo NIST, iliyoianzisha miaka ya 1990.

Kitufe chekundu cha dharura hakukiachia kompyuta. Alikipitisha kwenye waya wenyewe, kikibonyezwa umeme wa mota unakatika, programu itake isitake. Kompyuta ikiganda huku kilo kadhaa za chuma zinazunguka, utaiomba msamaha?

Siku ya majaribio nilikuwepo. Kwanza alikata hewa, yaani kisu kinapita bila chuma. Safi. Akaweka chuma, ikakereza laini. Mzee akaanza kutabasamu. Ikaja zamu ya tredi, meno ya bolti, mambo yakaharibika. Meno yalipandana, bolti ikawa kama imetafunwa na fisi.

Vijana mlangoni wakaangua kicheko. Mshikaji jasho linamtoka, akachukua kalamu.

Ukikata tredi ya milimita 2, chuma kikizunguka mara moja kisu lazima kisogee milimita 2 kamili. Kwa hiyo kompyuta inahesabu mizunguko kwa kifaa kinachoitwa enkoda. Cha kwake kilikuwa na alama 1,024, kila moja inahesabiwa mara nne. Chuma kilizunguka mara 1,500 kwa dakika, sawa na 25 kwa sekunde. Piga hesabu: 102,400 kwa sekunde! Kompyuta ya watu, iliyounganishwa kwa tundu la printa, ilikuwa inapoteza hesabu.

Akashusha mzunguko mpaka 300 kwa dakika. Hesabu ikawa 20,480. Akakata upya, polepole. Mzee mwenyewe akachukua nati, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikaingia mpaka mwisho, haikukwama.

Mlangoni kimyaa.

"Mura," mzee akasema, "yule wa chakavu mwambie asije."

Nilipokuwa narudi nilikifikiria kiwanda cha KMTC kule Hai, Kilimanjaro, kilichojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Bulgaria ili nchi itengeneze mashine zake yenyewe. Ndoto ile haikuwa ya kipuuzi. Ni mashine ngapi zimelala kwenye makarakana yetu, chuma kizima, zinangoja mwenye kilo?

Pikipiki bado hajanunua nyingine. Anatembea kwa miguu kwenda kazini, na jina la Profesa limebaki, ila sasa wanalitamka kwa heshima.

Na wewe mwenye mashine ya zamani, kaangalie betri leo. Ukiwa umeiwasha!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.