Pikipiki ya safari ndefu

Pikipiki ya safari ndefu ni pikipiki iliyoundwa kwa kusafiri mamia ya kilomita kwa siku katika barabara kuu, ikibeba dereva, abiria na mizigo. Mfano unaojulikana sana ni Honda Gold Wing, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1974.

Gold Wing ya kwanza ilikuwa na injini ya silinda nne za kulala, yenye sentimita za ujazo 999 na kupozwa kwa maji. Gurudumu la nyuma lilizungushwa na shafti badala ya mnyororo, hivyo msafiri hakuhitaji kukaza wala kulainisha mnyororo njiani. Ajabu ni kwamba haikuwa na kinga ya upepo wala masanduku; wanunuzi wa Marekani walijifungia wenyewe, hadi Honda ilipoanza kuviweka kiwandani mwaka 1980.

Upepo huchosha kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa bila kinga, shingo na mikono hushindana nao muda wote, na dereva aliyechoka huchelewa kushika breki.

Uzito husaidia pikipiki kutulia barabarani, lakini yenye zaidi ya kilo 350 ikianza kuinama imesimama, ni vigumu kuizuia. Ndiyo maana toleo la silinda sita la mwaka 1988 liliweza kurudi nyuma kwa nguvu ya mota ya kuwashia. Kabla ya kununua, mtu aikalie aone kama nyayo zake zinafika chini, kisha ajumlishe uzito wake, wa abiria na wa mizigo na kuulinganisha na kikomo kilichowekwa na kiwanda.