Askari Wanaobomoa Nyumba Yao

Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa katika sehemu zetu za Mbarara na Isingiro, mnada hufungwa, na sisi wana wa wafugaji wa Kakiika twajua maana yake: ng'ombe hauziki, na karo haipatikani. Mwenzangu wa darasa, ambaye kwao ni Nakivale, aliniuliza: Je, ni virusi vyenyewe vinavyoharibu mwili wa ng'ombe?

Kwa ugonjwa huo jibu ni rahisi. Virusi huingia katika chembe za ngozi ya ulimi na ya kwato, huzaana humo na kuzipasua. Ndiyo malengelenge tunayoyaona. Chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, huja kupigana, na ng'ombe mkubwa kwa kawaida hupona. (Ndama ni shauri jingine. Virusi huweza kuingia katika nyama ya moyo wake, akaanguka ghafla.)

Lakini uko ugonjwa ambao askari ndio waharibifu. Wamasai wa Kenya na Tanzania waujua sana, maana hutoka kwa nyumbu. Nyumbu mwenyewe haumwi. Ndama wake hutoa virusi katika makamasi na machozi. Ng'ombe akivipata malishoni hushikwa na homa kali, makamasi mazito humtoka, tezi huvimba, macho hugeuka meupe mpaka haoni. Karibu wote wanaougua hufa. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake wa Muguga, Kenya, walieleza jinsi walivyovipata virusi hivyo katika nyumbu.

Wataalamu walipotazama nyama za mizoga kwa hadubini waliona ajabu. Chembe nyeupe zimejazana kuzunguka mishipa ya damu na ndani ya kuta zake, katika figo, macho, hata ubongo. Lakini virusi vinavyozaana ni haba. Miaka ya karibuni imejulikana kwamba virusi hujificha ndani ya chembe nyeupe hizo hizo. Haviziui, bali huzifanya ziongezeke kupita kiasi, nazo huharibu mishipa na nyama iliyo karibu.

Basi nyumbu wanapozaa, yapata mwezi wa pili na wa tatu kule Serengeti, Wamasai huhamisha ng'ombe wao, wakiacha majani mazuri na kufuata malisho hafifu. Ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenziwe, kwa hiyo karantini kama yetu haiwafai. Wa kutengwa ni nyumbu, naye hana mchungaji.