Binti wa Jicho Lililofunikwa Afika Nakivubo

Yeyote apitaye Nakivubo jioni, kati ya soko la Owino na ule uwanja wa mpira uliopewa jina la Ukumbusho wa Vita, hatakosa kusikia milio ya bunduki. Si vita. Ni filamu zichezwazo katika vibanda na maduka ya kunakilia picha, na juu ya milio hiyo husikika sauti ya VJ, yule mfasiri hodari asimuliaye kwa Kiganda huku akitia chumvi yake. Huko ndiko askari wengi hujipatia picha za kutazama kambini. (Wasomaji wetu wa polisi watuwie radhi: suala la haki za watengenezaji twaliacha kwa wanasheria.)

Mwisho wa mwezi mmoja tulimkuta hapo askari kijana wa kikosi chetu, amevaa kiraia kama sisi, akimnong'oneza mwenye duka jina la picha aitakayo. Mwenye duka akamjibu kwa sauti ya gwaride: "Ile katuni ya Kijapani ya mapenzi?" Kijana akageuka, akatuona, akatamani ardhi ipasuke immeze. Nasi tukaomba tunakiliwe hiyo hiyo. Twakiri kuwa tulifanya hivyo kwa kumwondolea aibu tu. Lakini sehemu zake 12 tulizimaliza kwa siku tatu.

Picha hiyo ilitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Kyoto Animation, kutokana na vitabu vya mwandishi aitwaye Torako. Wajapani wana neno, chunibyo, yaani ugonjwa wa mwaka wa pili wa sekondari ya chini: umri wa miaka 13 au 14, ambapo mtoto hujiona ana nguvu za siri ambazo dunia haijazitambua. Yuta Togashi aliugua hivyo. Alijifanya bwana wa moto wa giza, na sasa aingiapo sekondari ya juu amechagua shule ya mbali ili asikutane na aliyeyashuhudia hayo. Kumbe ghorofa ya juu yake anakaa Rikka Takanashi, binti afunikaye jicho la kulia akidai lina uwezo wa kutisha, na ashukaye kwa kamba hadi barazani kwa Yuta kama komando, ilhali ngazi zipo! Silaha yake ni mwavuli. Apiganapo na dada yake, mtazamaji huonyeshwa kwanza miale na silaha za ajabu azionazo Rikka. Kisha picha hugeuka, tukamwona binti mwenye mwavuli akitandikwa kichwani kwa upawa wa jikoni.

Hapo tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Tulicheka kwa kuwa tulimjua. Nani kati yetu, kabla ya kuvaa kombati ya kweli, hakubandika vizibo vya soda mabegani akajiita Brigedia? Nani hakuiamuru migomba ya babaye ijisalimishe? Hata mapenzi ya vijana hawa wawili ni ya kuvuka eneo lililotegwa mabomu: kila hatua yahofiwa.

Lakini kicheko kilitukauka. Baba yake Rikka alikufa kwa maradhi ambayo jamaa walimficha mtoto, hata hakupata nafasi ya kujiandaa. Ulimwengu wake wa kubuni ndio mahali pekee ambapo baba angalipo, ng'ambo ya mpaka usioonekana. Dada na babu wamtaka aache upuuzi. Yuta naye, kwa nia njema, amwambia afungue jicho. Binti atii. Awa mwenye adabu na kimya, na mtazamaji hutamani arudiwe na wazimu wake.

Katika mafunzo yetu ya ukadeti tulikuwa na mwenzetu aliyenong'ona usiku chini ya chandarua, kana kwamba yu redioni, akimwita "Simba Moja". Tukampachika jina hilo. Kwenye mstari wa chakula tulimwita kwa kelele, nasi hatukuwa wa mwisho. Majuma mengi baadaye alitueleza, bila hasira, kwamba Simba Moja lilikuwa jina la redioni la kaka yake aliyefia vitani, na kwamba yeye aliarifiwa mazishi yakiwa yamekwisha. Tangu siku ile hakunong'ona tena. Wengine walisema amepona. Sisi pia tulisema hivyo.

Yuta alikuwa na bahati tuliyoikosa sisi, kwani alilitambua kosa lake mapema. Alikirudia cheo chake cha moto wa giza, cheo alichokionea haya kuliko vyote, akamchukua Rikka usiku hadi pwani, na hapo akamwonyesha ule mpaka: taa zing'arazo juu ya maji. Binti akamuaga baba yake. Sehemu hiyo tuliitazama mara mbili, ya pili tukiwa tumezima taa ya chumba.

Tuliporudi Nakivubo kutafuta mfululizo wa pili, uliotolewa mwaka 2014, yule askari kijana alikuwa ametutangulia dukani. Safari hii hakunong'ona.

"Afande," akatuuliza, "ulifika pale pwani?"

Tukamjibu kwamba tulifika. Akaitikia kwa kichwa, akalipa, akaitia flashi mfukoni, nasi tukasogea kwenye kaunta.