Vivinjari navyo vina lahaja zavyo

Mwanafunzi wangu mmoja alinitumia ukurasa wa tovuti wenye grafu ya maneno mapya magazetini. Kwenye kompyuta yake mistari ilipanda na kushuka vizuri. Kwenye iPhone yangu niliona mihimili miwili mitupu. “Mwalimu, jaribu Chrome,” akaniambia. Wapi! Hali ikawa ile ile.

Haikuwa ajabu. Kivinjari, yaani programu inayotufungulia tovuti, kina injini inayosoma JavaScript, lugha inayochora grafu nyingi za tovutini. Kwa miaka mingi Apple imevilazimisha vivinjari vya iPhone kutumia injini moja, ile ya Safari. Ukibadilisha kivinjari humo umebadilisha kanzu tu. Aliyeivaa ni yule yule.

Hapo ndipo sisi wa lugha tunapoingia. JavaScript ilizaliwa Netscape mwaka wa 1995. Mwaka uliofuata Microsoft ikatoa yake, JScript, ndani ya Internet Explorer, na waandishi wa programu wakajikuta na lahaja mbili. Mwaka wa 1997 shirika la Ecma likachapisha sarufi sanifu. Sisi tulikuwa tumeyapitia hayo: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lakini Kimvita kingali kinasemwa hadi leo. Usanifishaji huacha mianya.

Mwanya uliomnasa mwanafunzi wangu ni nafasi tupu. Tarehe aliziandika “2022-08-09 17:00”, ilhali muundo sanifu unataka herufi T kati ya siku na saa. Chrome hukisia maana na kuendelea. Safari za zamani hukataa katakata na kusema tarehe ni batili. Bila tarehe, nukta za grafu hazina pa kutua.

Internet Explorer 11 nayo ina shida yake. Haijui sarufi iliyoongezwa mwaka wa 2015, kwa mfano alama ya =>. Ikikutana nayo mara moja tu, huacha kusoma faili zima. Ipo programu iitwayo Babel inayotafsiri sarufi mpya iwe ya zamani.

Kwa hivyo usibahatishe. Kwenye kompyuta, bonyeza F12, fungua sehemu ya Console, usome kosa la kwanza kabisa. Mengi yanayofuata ni watoto wake. Wala usiamini jina ambalo kivinjari hujitajia: Chrome, Safari na Edge zote hujitambulisha kwa neno Mozilla! Pima kinachoweza kufanya, si kinavyojiita.

Na tafadhali, weka jedwali la kawaida chini ya grafu. Wako wanaobana bando kwa Opera Mini, ambayo ikiwekwa katika hali ya kubana sana huchakata ukurasa kwenye seva za mbali, na JavaScript nyingi hufia huko. Jedwali huwafikia.